Jabal Akhdar wakati wa baridi, wawili tu: nyumba ya wageni, barabara na Nizwa

Hapa Maskati ukitaja Jabal Akhdar, ule mlima wa Oman ulio juu ya mji wa Nizwa, kila mtu atakwambia subiri mwezi wa nne uende kwenye mawaridi. Ni kweli, mawaridi huchumwa kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hivi na harufu yake inakufuata mpaka ndani ya gari, ila mie nasema wazi kabisa, kama ni mke na mume na mnataka kupumzika basi nendeni baridi, kati ya Novemba na Februari, na mkalale nyumba ya wageni ya kijijini. Sisi tumeshapanda Siku ya Taifa ya Oman na tumeshapanda mwisho wa mwaka, na kila nikiweka picha naulizwa tulilala wapi na tulipandaje, kwa hiyo naandika yote hapa.

Kwanza gari. Kutoka Maskati mpaka Birkat al Mouz ni barabara kubwa ya Nizwa, saa moja na nusu mpaka mbili mmefika. Pale chini ya mlima kuna kituo cha polisi na hapo hakuna mjadala, gari isiyo 4x4, yaani isiyovutwa na matairi yote manne, haipandi. Askari anaomba mulkiya, ile kadi ya usajili wa gari, anaangalia gari, basi. Sisi kampuni moja ya kukodisha ilituandikia 4x4 kwenye karatasi halafu ikatuletea gari refu zuri la kupendeza kumbe linavutwa na matairi ya mbele tu, yule askari akainama akachungulia chini, akaturudishia kadi kwa adabu zote akatuonyesha pa kugeuzia. Tukapandishwa na kijana wa pale pale mwenye gari lake, pesa nyingine hiyo. Kwa hiyo mkikodi msiangalie umbo la gari, someni mulkiya kabla hamjaondoka ofisini kwao.

Barabara yenyewe ni lami safi, pana, lakini inapanda kweli kweli, na pembeni wametengeneza vinjia vya dharura vya gari iliyokatika breki. Kushuka ndio kazi kuliko kupanda. Weka gia ndogo toka juu, ukitegemea breki peke yake zitapata moto utasikia harufu.

Juu kwenye uwanda wa Saiq ni kama mita 2,000, na hapo ndio utajua kama umeondoka Maskati. Chini mmevaa kandambili, juu mnataka soksi. Mchana jua lipo na ni zuri sana, mnatembea na sweta nyepesi tu, lakini likishazama nyuma ya mlima baridi inakuja ghafla, na usiku wa Desemba na Januari inaweza kushuka mpaka sifuri na chini yake. Mume wangu amezaliwa Unguja kama mie, baridi anaijua ya Julai tu, siku ya mwanzo alilala na kofia.

Nyumba tuliyolala iko karibu na vijiji vya ukingoni, upande wa Al Ayn na Ash Shirayjah. Tulilipa riyali 30 kwa usiku, chumba cha juu chenye kibaraza, zulia zito, mablanketi yale ya manyoya mpaka mkisema basi. Usafi hauna neno. Maji ya moto yapo ila boila ni dogo, mmoja akioga mwingine asubiri. Hita ndio ilinikera, inapiga kelele na inapasha kona moja tu, na kwa mahali penye baridi ile hita ni kitu cha kwanza sio cha mwisho. Niliwaambia, wakaleta nyingine ndogo bila kununa, lakini ingekuwepo toka mwanzo ingekuwa bora.

Sasa kilichotufanya turudi ni watu. Mama yake mwenye nyumba kazaliwa Pemba, alikuja huku mdogo. Alipotusikia tunazungumza kibarazani akafungua mlango, "Nyie wa wapi?" Nikamwambia shikamoo bibi, sisi wa Unguja. "Marahaba mwanangu, ingieni ndani, baridi hiyo." Basi hapo tena chumba tulikiona wakati wa kulala tu. Katupikia mchuzi wa mbuzi, katuletea mkate mwembamba kama karatasi na asali, na kahawa anaitia iliki halafu anamalizia na matone ya maji ya mawaridi ya kwao wenyewe, wanayoyachemsha kila msimu kwenye matanuri ya udongo, matone mawili matatu tu kutoka kwenye chupa iliyoshika weusi wa moshi mpaka huoni ndani. Sijanywa kahawa kama ile popote, wallahi.

Ile safari ilikuwa ya Siku ya Taifa. Tangu 2025 inasherehekewa tarehe 20 Novemba, kwa kukumbuka mwaka 1744 Imamu Ahmed bin Said alipoanzisha utawala wa Albusaidi, na sisi Wazanzibari hilo linatuhusu, maana ni ukoo huo huo uliokaa Unguja mpaka Januari 1964. Bibi ana ya kwake ya kusimulia kuhusu mwaka ule, na mie niliyosikia nyumbani ni mengine, tulikaa tukasikilizana mpaka usiku mkubwa na hakuna aliyemkata mwenzake. Nje watoto wana skafu nyekundu, nyeupe na kijani, magari yamebandikwa bendera mpaka kwenye boneti. Raha tupu, lakini msongamano upo na vyumba vinajaa mapema.

Mwisho wa mwaka kumetulia zaidi. Tulibeba nyama, ukwaju na mkaa wetu kutoka Maskati tukachoma mishikaki uani tumejifunika blanketi moja, hakuna fataki wala muziki, nyota zimejaa. Mkaa bebeni, nawaomba, msivunje matawi ya ile miti ya mlimani, mireteni ile inakua polepole mno na mingine imeshakauka.

Mchana tembeeni kutoka kijiji hadi kijiji, njia inafuata falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, maji yanakwenda pembeni yenu muda wote. Baridi mikomamanga haina majani na wengine wanaona hasara, mie naona ndio wakati matuta ya mashamba yanaonekana vizuri, jiwe kwa jiwe, mpaka chini bondeni. Wadi Bani Habib pia msiiache, mnashuka ngazi mpaka kwenye nyumba za zamani zilizohamwa, vaeni viatu vya kushika chini. Ile sehemu ya ukingoni aliyofika Diana, yule binti mfalme wa Uingereza, mwaka 1986 sasa imo ndani ya hoteli ya Anantara, ni pazuri, lakini bonde ni hilo hilo na kibarazani kwa bibi unaliona ukiwa na kikombe mkononi.

Pangeni muwe Nizwa Ijumaa asubuhi, mapema, kuna mnada wa mbuzi na ng'ombe, wauzaji wanazunguka na wanyama wao duara huku wanunuzi wamekaa wanapunga mikono. Halafu ingieni ngomeni, mnara wake mkubwa wa karne ya 17 una matundu juu ya milango walikokuwa wakimwagia maadui asali ya tende inayochemka. Halua nunueni sokoni hapo hapo, ombeni ya moto, na muonje kabla ya kulipa, hawakatai.

Kwa jumla nyumba naipa nne kati ya tano, na hiyo moja wanaijua wenyewe ni ya hita. Januari tumeshaweka nafasi chumba kile kile cha juu, na bibi kaagiza mbaazi kavu za nyumbani.