Altezza, Mark X au Subaru? Gari la spoti la zamani na suala la VSC

Malipo ya korosho yakishaingia, Mtwara na Lindi huonekana magari ambayo mwezi uliopita hayakuwepo. Wengi wananunua Noah au kirikuu cha kutafutia riziki. Vijana kadhaa, na wazee kadhaa pia tusidanganyane, wananunua spoti. Wanauliza injini, wanauliza rimu, wanauliza muziki. VSC, mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza na kuzunguka, haiulizwi kabisa, na muuzaji naye hana sababu ya kuitaja.

Msimamo wangu ni huu: matairi kwanza, ABS (inayozuia magurudumu kujifunga ukibana breki) pili, VSC tatu. Lakini gari likiwa linasukumwa na magurudumu ya nyuma na injini ina nguvu za farasi 200 na zaidi, VSC inapanda hadi nafasi ya pili sambamba na ABS. Na VSC mbovu unayodhani ni nzima ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

VSC ni jina la Toyota. Nissan na Subaru wanaiita VDC, Mazda na BMW wanaiita DSC, Mercedes ni ESP. Kazi ni ileile. Sensa ya usukani inasoma dereva anataka kwenda wapi, nyingine inapima bodi ya gari inazunguka kiasi gani, na kila gurudumu lina sensa ya mwendo wake. Majibu yakipishana, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kukamata breki ya gurudumu moja tu. Uko kwenye kona ya kushoto, mkia ukaruka kulia, inakamatwa breki ya mbele kulia ili kuurudisha. Wewe na mguu wako mna pedeli moja inayobana magurudumu yote manne, kwa hiyo hata uwe dereva wa namna gani, hilo huliwezi.

Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza sokoni mwaka 1995. Anayedhani ni pambo la wazungu wa kwenye theluji asome habari za Audi TT. Ilitoka mwaka 1998, inapendeza, lakini kwenye mwendo mkubwa mkia wake ulikuwa mwepesi, na watu wakafa kwenye barabara kuu za Ujerumani. Audi wakayaita magari yaliyokwishauzwa, wakafunga spoila ya nyuma, wakabadilisha vifaa vya chini na kutoa ESP. Baadhi ya TT zile zilikuwa na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Likumbuke hilo tutakapofika kwa Subaru.

Japani ilianza kuilazimisha kwenye modeli mpya mwaka 2012, na Ulaya ikailazimisha kwa magari yote mapya mwishoni mwa 2014. Spoti tunazoziweza sisi kwa bei ni za kati ya 1998 na 2010, na hapo ni bahati nasibu: magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja, hili linayo, lile halina, kwa sababu mteja wa kwanza kule Japani hakuilipia. Tafuta kitufe chenye maandishi VSC OFF au picha ya gari linaloteleza. Kitufe cha TRC peke yake hakitoshi. TRC inazuia tairi kuzunguka bure unapokanyaga mafuta, haikuokoi kwenye kona.

Kwetu huku ina kazi gani? Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, lami tupu, vipande virefu vilivyonyooka vinavyoshawishi mguu. Hatari inatoka pembeni: mbuzi, bodaboda inayochomoza kwenye njia ya shamba, lori la makaa ya mawe kutoka Ruvuma linalokwenda bandarini. Unakata usukani ghafla, kisha unaurudisha ghafla. Ule mrudisho ndio unaozungusha gari, na VSC iliundwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Ongeza mchanga unaosukumwa na mvua juu ya lami, ongeza mvua ya kwanza inayochanganya vumbi na oili, ongeza kona za kupanda Newala. Lakini tairi kipara likishaachia, hakuna kompyuta itakayolishikisha.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza ni Mark X ya toleo la pili, lililoanza 2009, injini ya 2.5 yenye farasi 203, VSC ikiwa nzima. Wapo watakaosema hiyo si spoti, ni sedani. Altezza nayo ina milango minne na hamjailalamikia. Mark X inasukumwa na nyuma, inatembea, mafundi wanaijua na spea zake zinapatikana. Ya 3.5 yenye farasi 318 iache, labda uwe na mfuko wa mafuta na moyo mtulivu.

Ya pili ni Subaru Impreza WRX ya 2000 hadi 2007, hata ikiwa na ABS tu. Magurudumu yote manne yakipewa nguvu yanasaidia sana kuondoka na kutoka kwenye kona yenye maji. Hayasaidii kusimama. Wengi wanaoangusha Subaru walisahau sentensi hiyo ya pili. Nyingi pia zimeshachezewa turbo, kwa hiyo pesa ya ukaguzi itoe bila kunung'unika.

Ya tatu, Mazda Roadster ya 1998 hadi 2005. Haina VSC, na kwangu si tatizo kubwa: ina uzito wa takriban tani moja, nguvu zake ni za kiasi, na inakupa taarifa mapema kabla ya kuteleza. Viti viwili tu, na iko chini mno kwa matuta yetu. Toyota MR-S inafanana nayo kwa ukubwa, ila injini iko nyuma ya viti na mkia wake ukiamua kuondoka hautoi taarifa. Hiyo naiweka chini ya Roadster.

Ya nne ni Altezza RS200 isiyo na VSC. Najua nitatukanwa. Farasi 210 za gia ya mkono, magurudumu ya nyuma, umri wa miaka ishirini na zaidi, bushi zimechoka, na mnunuzi ni kijana wa miaka 22. Ukiipenda sana, chukua AS200 yenye farasi 160. Mazda RX-8 sijaipanga: injini yake ya rota inakula oili na inataka fundi aliyeizoea.

Mkiani kabisa ni gari lolote lililozimwa taa za onyo za dashibodi. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa za ABS, VSC na cheki injini lazima zionekane, kisha zizime ukiwasha. Isiyoonekana kabisa imetolewa balbu au imezibwa, na aliyefanya hivyo alijua anaficha nini. Kwenye Toyota, cheki injini ikiwaka mara nyingi huwasha na taa ya VSC, kwa hiyo tatizo linaweza kuwa sensa ya bei ndogo ya injini. Usikisie, pima. Vile vipimo vidogo vya bei rahisi husoma injini peke yake. Mwambie fundi aje na mashine inayosoma ABS na sensa ya usukani, ambayo hupoteza alama yake ya katikati watu wakifanya alaimenti ovyo.

Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne yalingane ukubwa, kwa sababu la nyuma likitofautiana, VSC inasoma uongo siku nzima.

Ukinasa mchangani, zima TRC, la sivyo gari litajikaba lenyewe. Ufukweni Msimbati usiende nalo.

Kabla ya kukubali bei, pitia kikokotoo cha TRA, maana gari kuukuu lina ushuru wa umri juu yake. Kisha uliza dukani bei ya pampu ya ABS ya modeli hiyo, iliyotumika. Taa ikiwa haizimi, kiasi hicho chote kitoke kwenye bei ya muuzaji, na akikataa, Dar magari ni mengi.