Gereji ya balansi Unga Limited: mashine safi, nati kazi ya kulipua

Stelingi ikianza kucheza mkononi ukishaipita Tengeru, mshale uko 90, karibu kila mtu Arusha atakwambia kapige alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi. Utatoa hela bure. Alaimenti ni ya gari linalovuta upande au linalokula tairi kwenye ukingo mmoja. Mtetemo una dawa yake. Gereji hii ndogo ya eneo la Unga Limited inastahili maneno machache kwa sababu fundi anayepokea magari haanzi na bei. Anauliza: inatetemeka spidi ngapi? Ukikanyaga breki je? Iko mkononi au kwenye kiti?

Majibu hayo ndiyo yanayoamua gari liende wapi. Lililotulia mpaka 80, likatetemeka kati ya hapo na 110 hivi, kisha likapoa, hilo kwa kawaida ni balansi ya tairi za mbele, yaani uzito wa tairi na rimu haujalingana pande zote. Kikitetemeka kiti, shaka inahamia nyuma. Linalotikisika taratibu hata kwenye 30 pale Kijenge mara nyingi lina tairi iliyovimba au iliyokatika waya za ndani, na hiyo hata ikipigwa balansi mara kumi haiponi. Na lile linalotetemeka kwenye breki tu, balansi haihusiki kabisa.

Balansi wanaijua. Kabla rimu haijapanda kwenye mashine, inapinduliwa na kukwanguliwa kwa ndani kwa bisibisi bapa na brashi ya waya. Gari lililotoka Karatu au shambani wakati wa mvua hubeba udongo nyuma ya rimu, unakauka na kushika kama saruji. Kipande cha ukubwa wa kiganja kina uzito kuliko vyuma vyote vya balansi utakavyobandikiwa. Siku udongo ukidondoka wenyewe, balansi yako imekwenda nao. Vyuma vya zamani navyo vinang'olewa vyote. Gereji nyingi hupachika vipya juu ya vya zamani, ndiyo maana unakuta rimu imevaa mkufu.

Kisha koni, kile chuma kinachoishika rimu katikati ya mashine, inachaguliwa iingie sawasawa kwenye tundu la katikati, na fundi anaingiza vipimo vitatu: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana, na kipenyo. Akibonyeza 14 wakati rimu ni 15, mashine haitalalamika, itatoa gramu za uongo. Baada ya kufunga vyuma, tairi inazungushwa tena mpaka isome 0 pande zote mbili. Simama hapo uone kwa macho. Mashine ikidai zaidi ya gramu 60 upande mmoja kwenye tairi ya Vitz au IST, hawajazi vyuma: wanatoa upepo, wanaizungusha tairi nusu duara juu ya rimu, wanapima upya. Ikikataa, ncha ya bisibisi inasogezwa karibu na ukingo wa rimu inayozunguka. Pengo likifunguka na kujifunga, rimu imepinda.

Mwenye rimu za spoti aseme mapema. Habu ya IST, kile kitovu cha gari ambacho rimu inakalia, ni milimita 54.1, na rimu nyingi za kununua pembeni zina tundu la 73.1. Koni inaiweka rimu katikati, mashine inasoma 0, lakini kwenye gari zinabaki nati peke yake kuitafuta hiyo katikati, na mtetemo unarudi. Dawa ni ringi ya kujazia nafasi. Wanazo, ila usipoomba hawatoi.

Kufunga tairi ndiko kunakoharibu sifa yao. Uso wa habu hausafishwi kutu, na nati zinapigwa kwa bunduki ya upepo, moja inakazwa mpaka mwisho kabla ya jirani yake kushika. Diski ya breki ikibanwa hivyo inakaa upande kidogo sana. Toyota nyingi ndogo haziruhusu diski iyumbe zaidi ya milimita 0.05, na ikishavuka hapo pedi zinaila bila usawa mpaka siku moja breki inatikisa stelingi. Nati za magari hayo hukazwa kwa nguvu ya Nm 103, kwa mtindo wa nyota, si kwa kufuatana. Toki renchi, spana ya kupimia nguvu hiyo, ipo, imetundikwa ukutani na vumbi lake; iombe. Ukifika Moshi, kama kilomita 80, zikaze tena. Na wakitaka kuchonga diski, waoneshe kwanza unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, uliogongwa kwenye diski yenyewe.

Land Cruiser za utalii nisingezileta hapa. Zile za toleo la 70 Series zenye ekseli nzima mbele, zikishapigwa na rasta za changarawe, hupata ugonjwa wao: unaruka shimo, stelingi inapiga kushoto na kulia na haiachi mpaka upunguze mwendo. Hapa watakuuzia shokapu ya stelingi, ambayo inaficha tatizo tu. Kinachotakiwa ni mtu mmoja acheze stelingi injini ikiwaka huku mwingine akitazama chini bushi za panadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isiyumbe upande) na tairodi endi (viungo vya fimbo za stelingi), halafu gari lipigwe jeki, tairi ishikwe juu na chini na kutikiswa. Ikicheza, ni beringi za habu au za kingipini, pale tairi inapogeukia. Mafundi wa magari ya safari wanaijua kazi hiyo.

Bei inatajwa kwa tairi moja, si kwa gari, kwa hiyo elewaneni kabla jeki haijaingia. Wakikuwekea alaimenti kwenye hesabu bila wewe kulalamika kwamba gari linavuta, ifute. Kabla hata ya kwenda, hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, kila moja ikibaki upande wake kama ina mshale wa mzunguko unaokataza kubadili pande: mtetemo ukihamia kwenye kiti, umeshajua ni tairi, na hujalipa mtu.