Lango la Kerneli ya Linux Baada ya Usafi: Tathmini ya Asembli ya x86

Mtu aliyewahi kulisoma faili la entry_64.S la kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, kabla ya mwaka 2015, akilifungua leo, hatalitambua kwa urahisi. Kazi yake haijabadilika: ndilo lango linalopitiwa na karibu kila mwito wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli), katizo la kifaa na hitilafu inayoibuliwa na prosesa za x86 za biti 64. Kilichopungua ni maamuzi yanayofanywa kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na maagizo ya prosesa, na hicho ndicho kipimo changu katika tathmini hii, kwa sababu asembli iliyopangwa vizuri lakini iliyojaa maamuzi bado ni mzigo kwa atakayeirithi.

Zamani mwito wa mfumo ulikuwa na njia ya mkato na njia ndefu. Njia ya mkato ilihifadhi baadhi tu ya rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) ili kuokoa muda, kisha, ikiwa kuna ishara ya kushughulikia au programu inafuatiliwa, msimbo uliruka kwenda kukamilisha rejista zilizobaki kabla ya kuendelea. Msomaji alilazimika kukumbuka, katika kila tawi, ni rejista zipi zilizomo kwenye staki (eneo la kumbukumbu la muda) na zipi hazimo. Mwaka 2015 msanidi wa kerneli Andy Lutomirski alihamishia shughuli za kutoka kwenye kerneli katika lugha ya C, mwenzake Denys Vlasenko akasafisha sehemu kubwa ya asembli iliyobaki, na maelezo ya kufuatilia staki yaliyoandikwa kwa mkono karibu kila mahali yakaondolewa, kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kuhakiki kama yalikuwa bado ni kweli. Njia ya mkato yenyewe ilifutwa mwaka 2018, wakati wa kukabiliana na udhaifu wa prosesa uitwao Spectre. Binafsi naona ingestahili kufutwa hata bila sababu hiyo.

Matokeo yake yanaonekana vizuri ukifuata mwito mmoja. Agizo la SYSCALL, linaloiingiza programu kwenye kerneli, huweka anwani ya kurudia katika rejista ya RCX na bendera (alama za hali ya prosesa) katika R11, lakini haligusi rejista ya staki, kwa hiyo kerneli huanza kazi ikiwa bado imeshika staki ya mtumiaji. Msimbo wa sasa hutekeleza SWAPGS, inayobadilisha GS ya mtumiaji kwa ile ya kerneli, ili kufikia data ya prosesa husika, huihifadhi kando anwani ya staki ya mtumiaji, hubadilisha jedwali la kurasa pale inapohitajika kwa sababu ya Meltdown, udhaifu mwingine wa prosesa, hupakia staki ya kerneli, husukuma rejista zote kwa mpangilio mmoja, kisha huita do_syscall_64, ambayo ni C. Hakuna tawi la kukisia njiani. Hata ukaguzi wa kama ni salama kurudi kwenye programu kwa agizo la SYSRET, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asembli tupu, baadaye ulihamishiwa C.

Awamu ya pili ya usafi, iliyoongozwa na msanidi Thomas Gleixner na kutoka na toleo 5.8 mwaka 2020, ndiyo ninayoipa alama za juu zaidi. Iliweka kundi moja la makro (vifupisho vya msimbo) za kutangaza kila kishughulikizi cha hitilafu au katizo, ikapanga utaratibu wa kile kinachoruhusiwa kutokea kabla kerneli haijawa tayari, na ikatenga sehemu iitwayo noinstr, ambamo vifaa vya ufuatiliaji haviruhusiwi kuchomeka chochote. Katazo hilo lina mlinzi: chombo cha kerneli kiitwacho objtool husoma msimbo uliokwisha kukusanywa na kulalamika pale funksheni ya noinstr inapoita kitu cha nje bila idhini. Tahadhari zake zinahitaji mazoea kuzielewa, maana hutaja anwani ndani ya faili la kati badala ya mstari wa chanzo ulioandika, na asembli bado inahitaji vidokezo vya staki vinavyowekwa kwa mkono. Tofauti na yale maelezo ya zamani, hata hivyo, vidokezo hivi vina mhakiki.

Sehemu ambayo usafi haukuifanya rahisi ni ile ya matukio yasiyozuilika, kama NMI (katizo lisiloweza kuzimwa), yanayoweza kutua kati ya SYSCALL na SWAPGS. Hapo kerneli haiwezi kuamini kwamba GS ni yake kwa sababu tu prosesa imo katika hali ya kerneli. Mbinu ya zamani ilisoma anwani ya msingi ya GS na kutazama alama yake, kwani anwani za kerneli huwa hasi. Mbinu hiyo ilikosa maana pale toleo 5.9 liliporuhusu programu kuiandika GS moja kwa moja, ndipo ikaongezwa njia ya kuhifadhi na kurejesha thamani yote. Njia zote mbili zimo hadi sasa, kwa ajili ya prosesa za zamani na mpya. NMI ina shida yake zaidi, kwa kuwa agizo la IRET, la kurudi kutoka kwenye katizo, huifungulia tena mlango hata likitekelezwa ndani ya kishughulikizi cha NMI, na maelezo yanayofafanua jambo hilo ndani ya faili ni marefu kuliko msimbo wa shughuli nyingine kadhaa.

Utaratibu mpya wa Intel uitwao FRED, uliopokelewa katika toleo 6.9 mwaka 2024, unaondoa fujo hizi kwenye prosesa yenyewe, lakini msimbo wa zamani hauwezi kung'olewa maadamu mashine zake zinaendelea kutumika. Faili la biti 32, kwa upande wake, limefaidika kidogo tu na bado linabeba mabaki ya hali ya VM86, ya kuendesha programu za zamani za biti 16.

Kwa anayetaka kujifunza, naupendekeza msimbo huu kwa masharti: aanzie do_syscall_64, arudi nyuma hadi SYSCALL, kisha asome makro za kusukuma rejista katika calling.h. NMI aiache mwisho kabisa.