Boksi la mekapu la mwanafunzi: rangi 120 za macho, faundesheni mbili

Seti za mekapu wanazouziwa wanaoanza kazi ya upambaji zinafanana kama mapacha. Ukifungua boksi unakuta paleti kubwa ya rangi za macho, mara nyingi rangi 88 au 120. Chini yake kuna mkoba wa brashi 24 au 32, faundesheni mbili (tatu ukibahatika), poda moja nyeupe, sponji moja, maskara moja, jozi chache za kope bandia na kijitabu cha hatua. Kipimo chetu ni kimoja: mwanafunzi akikaa mbele ya mteja asiyewahi kumwona, vitu hivi vitamfikisha wapi?

Vitamfikisha machoni, kisha vitamwacha njiani. Kwa mazoezi tunalipatia boksi la aina hii nyota nne kati ya tano. Kwa kazi ya kulipwa, mbili.

Tuanze na hiyo paleti, maana ndiyo inayouza boksi. Jicho la kawaida linahitaji rangi tatu: moja isiyong'aa, iliyokolea kidogo kuliko ngozi ya mteja, ya kupita kwenye mkunjo wa jicho; moja nyepesi au ya kung'aa ya katikati; na moja nzito ya kuwekwa pembe ya nje. Katika rangi 120, zinazoweza kufanya kazi ya ile ya kwanza ni za kuhesabu, na ndizo zitakazokwisha mapema huku zambarau na kijani kibichi vikibaki kama vilivyotoka kiwandani. Visahani vyenyewe ni vidogo mno. Brashi ya kuchanganyia ikiingia kwenye kahawia inatoka imebeba na ya jirani, mwanafunzi anashangaa kwa nini kazi yake ina matope. Jaribu rangi kwa kidole mkononi kabla ya kununua. Mpako mmoja ukionekana vizuri, ni nzuri; ikihitaji mipako mitatu na kuacha vumbi kama chaki, ina kijazio kingi kuliko rangi.

Vumbi hilo lina matokeo ambayo vijitabu vingi havisemi. Vinaanza na faundesheni, ndipo macho, na rangi nyeusi inadondokea shavu lililokwisha kupakwa. Mwanafunzi akifuta anaondoa na faundesheni, akirudishia anapata kiraka. Kwa rangi nzito, fanya macho kwanza, safisha chini ya jicho kwa pamba yenye kiondoa mekapu, halafu ndiyo uingie kwenye ngozi.

Brashi 32 ni mapambo ya mkoba. Zinazofanya kazi hazizidi kumi: ya faundesheni, ndogo ya konsila (krimu nzito ya kuficha madoa), kubwa laini ya poda, iliyokatwa mshazari ya blasha (rangi ya mashavu), bapa ya kubandika rangi juu ya jicho, mbili za kuchanganyia (moja ya rangi nyepesi, moja ya nzito, zisibadilishane), nyembamba ya nyusi na ya mdomo. Vuta nywele za brashi kwa vidole mara tatu. Zikitoka zaidi ya moja mbili, zitatoka pia usoni pa mteja, tena ndani ya faundesheni mbichi. Tikisa na ile shingo ya bati. Ikicheza, gundi haijashika. Kwa vitu vya krimu na majimaji nyuzi za sintetiki ni bora kwa sababu hazinywi bidhaa. Brashi nyingi zikishaanza kumwaga nywele, kosa mara nyingi ni la uoshaji: zimeoshwa kisha zikasimamishwa kwenye kikombe kichwa kikiwa juu, maji yakashuka ndani ya shingo na kulegeza gundi. Osha kichwa kikitazama chini, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha laza juu ya taulo.

Sasa faundesheni, ambako boksi linafeli waziwazi. Rangi mbili haziwezi kuhudumia watu kumi, kwa sababu ngozi inapimwa kwa mambo mawili. Kuna ukolevu, yaani nyepesi au nyeusi kiasi gani, na kuna rangi ya ndani: ya joto inayoelekea manjano au dhahabu, ya baridi inayoelekea waridi au wekundu, ya kati, na ile yenye uzeituni. Watu wawili wenye ukolevu uleule wanaweza kuhitaji chupa tofauti kabisa. Kijitabu kimojawapo cha kawaida huweka hapa jedwali la Fitzpatrick lenye aina sita za ngozi, kana kwamba ni kipimo cha faundesheni. Sivyo. Thomas Fitzpatrick alilitunga mwaka 1975 kueleza ngozi inavyoitikia jua, inaungua au inakolea. Lina manufaa kwa mtu wa matibabu ya mwanga, lakini halikuambii uchukue chupa ipi.

Namna sahihi ni kuchora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kwenye taya, ukishuka kidogo shingoni. Mgongo wa kiganja haufai, rangi yake si ya uso. Subiri dakika tano hadi kumi, kwa sababu faundesheni nyingi hukolea zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi. Angalia kwenye mwanga wa mchana, au taa nyeupe ya takribani kelvini 5,000 hadi 5,500 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye taa kwa herufi K). Chini ya taa ya njano kila faundesheni inaonekana imekaa. Mstari unaopotea ndio wako.

Badala ya zile chupa mbili, tunashauri paleti ya faundesheni za krimu yenye rangi sita au zaidi kuanzia nyepesi hadi nyeusi kabisa, pamoja na vichanganyio vya manjano, nyekundu na bluu. Bluu inawatisha wanafunzi, ila tone lake dogo huzima uchungwa na kukoleza faundesheni inayowaka mno. Kosa la kawaida ni kuongeza nyeupe ili kupunguza ukolevu. Kwenye rangi za kahawia nyeupe huleta kijivu, mteja akaonekana amepakwa jivu. Changanya na faundesheni nyepesi yenye rangi ya ndani ileile.

Jivu hilohilo linaletwa na poda nyeupe ya boksi. Wauzaji huiita ya ngozi zote. Kwenye ngozi nyeusi inaacha utando, na yenye silika nyingi (unga laini wa madini) hurudisha mwanga wa flashi, uso ukatoka mweupe pichani wakati kwenye kioo ulikuwa sawa. Titani dioksidi na zinki oksidi za kukinga jua zinaweza kufanya vivyo hivyo. Piga picha moja ya flashi kabla mteja hajainuka kitini. Poda ya manjano hufaa ngozi za kati, na kwa ngozi nyeusi tafuta poda yenye uchungwa au kahawia. Weusi wa chini ya macho nao hauzimwi kwa konsila nyepesi peke yake. Unaanza na kisahihishi cha rangi ya pichi kwa ngozi nyepesi, chungwa au chungwa-nyekundu kwa ngozi nyeusi, kidogo sana, ndipo konsila juu yake.

Boksi likiwa na praima, yaani krimu inayotangulia faundesheni, viwili hivyo vinapaswa kupatana, lakini soma viambato. Maneno yanayoishia na -cone au -siloxane ni silikoni. Praima nzito ya silikoni chini ya faundesheni ya maji mara nyingi hujikunja vipande vidogo kama ukoko wa kifutio. Hali hiyohiyo hutokea hata vitu vikipatana, kama mtu hakusubiri: praima kiasi cha punje ya njegere inatosha uso mzima, kisha dakika mbili tatu zipite. Faundesheni ianze katikati ya uso kuelekea nje, kwa kugandamiza. Sponji iloweshwe na kukamuliwa hadi isidondoshe tone. Ikiwa kavu inakunywa bidhaa, ikiwa chapachapa inaifuta.

Usafi umeachwa karibu wote, na hapo ndipo nyota zilipopotea zaidi. Maskara moja yenye brashi yake ni ya mtu mmoja. Mpambaji anahitaji vibrashi vya kutupa, kimoja kwa kila mchovyo: kikishagusa kope hakirudi ndani ya chupa, hata kwa jicho la pili la mtu yuleyule. Chupa ikifika miezi mitatu tangu kufunguliwa, itupwe. Kwa bidhaa nyingine angalia mchoro wa kopo lililo wazi wenye 6M, 12M au 24M, ambao ni miezi ya matumizi baada ya kufungua, na uandike tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino usiofutika. Krimu, konsila na lipstiki hukwanguliwa kwa spatula na kuwekwa kwenye kibao cha chuma. Brashi inachukua kutoka kwenye kibao. Penseli ya wanja inachongwa kabla na baada ya kila mteja. Sponji ni moja kwa mteja mmoja, hivyo moja ya boksi ni kama hakuna. Kwa vyuma na brashi zilizokwisha kuoshwa, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Ya 99 inaonekana kali zaidi lakini hukauka upesi mno kabla ya kumaliza kazi. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 huisaidia kupenya vijidudu.

Kijitabu nacho kingeanza na maswali kabla ya hatua: mteja ana mzio gani, anavaa lenzi, amewahi kuwashwa na gundi? Gundi nyingi za kope zina lateksi (utomvu wa mpira), ambayo baadhi ya watu wana mzio nayo. Jaribio ni tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, saa 24 hadi 48 kabla. Jicho jekundu lenye utongo, malengelenge ya mdomoni na vidonda vinavyotoa maji havipakwi mekapu, kazi inaahirishwa.

Kope bandia zenyewe ni nzuri kwa bei ya seti, ila kila jozi inakuja na urefu wa kupita kiasi. Pima juu ya jicho, kata upande wa nje, paka gundi mstari mwembamba na usubiri kama sekunde 30 hadi inate. Pembe ya ndani inapobanduka baada ya muda mfupi, kwa kawaida gundi ilibandikwa ikiwa mbichi au ukope haukukatwa.

Ukiamua kununua, ligeuze boksi kwanza. Kila bidhaa iwe na orodha ya viambato, namba ya toleo na muda wa matumizi, hata kama vimeandikwa kwenye karatasi ya nje pekee. Seti yenye orodha moja ya jumla kwa faundesheni, maskara na gundi haikuwezeshi kumjibu mteja anayeuliza kuhusu lateksi. Hiyo iache dukani.