Tahadhari: Madalali wa Sperrkonto hapa Mombasa

Wazazi wenye vijana wanaokwenda kusoma Ujerumani, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna madalali hapa mjini wanaodai kuwafungulia watu Sperrkonto, ile akaunti ya pesa zilizofungiwa inayotumika kuombea viza ya mwanafunzi. Kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kila mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi huuza ploti kuzipata.

Ujanja wao uko kwenye fomu ya mtandaoni. Jina huandikwa la kijana, lakini barua pepe na nambari ya simu ni za dalali, kwa hiyo nywila na kila ujumbe wa kuthibitisha humwendea yeye. Wengine hawafungui chochote: wanataka utume kwa M-Pesa, vipande vipande, kwa kuwa muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Ukisikia hivyo, ondoka. Pesa za Sperrkonto hutoka kwenye benki yako kwa SWIFT (mtandao wa benki wa kutuma pesa nje ya nchi) hadi IBAN (nambari ya akaunti ya kimataifa) uliyopewa na mwenye kutoa akaunti.

Wabaya zaidi ni wa "kukodisha hela", wanaosema watakuwekea zionekane kisha wazitoe. Haiwezekani. Zikishafungwa hutolewa kidogo kidogo kila mwezi, kijana akishafika. Cheti cha Sperrkonto utakachopewa nao ni bandia, na viza itakataliwa.

Fungua mwenyewe, kwa paspoti, barua pepe yako na simu yako. Andika majina yote kama yalivyo kwenye paspoti, hata la babu. Benki ikiuliza nani alipe gharama za kutuma, chagua OUR (yaani wewe mtumaji), la sivyo benki za njiani hukata na kiasi kikifika pungufu cheti hakitoki. Viza ikikataliwa, kwa kawaida pesa hurudi zilikotoka. Zikiwa zilitoka kwa dalali, zitarudi kwa dalali.

Na huko Ujerumani msinunue akaunti kwa mtu. Tangu 2016 sheria inampa kila mkaazi halali haki ya akaunti ya msingi, Basiskonto, na benki hutakiwa kujibu ombi ndani ya siku 10 za kazi.

Aliyekwisha kutuma kwa M-Pesa aupeleke ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba muamala urudishwe, sasa hivi. Aliyetuma kwa benki afike tawini leo leo aombe muamala usimamishwe, kisha aende polisi apewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi).