Fimbo ya Mtera ilipokutana na chumvi ya Kigamboni: miezi minane ya matumizi

Seti hii ya kuvulia samaki niliinunua Julai mwaka jana kwenye duka la vifaa mchanganyiko hapa Dodoma mjini, kwa shilingi 85,000. Ndani ya boksi kulikuwa na fimbo ya mita 2.1 inayoungwa vipande viwili, mashine ya kukunjia mshipi ambayo wengi tunaiita rili, nailoni ya milimita 0.30 iliyokwisha kukunjwa, na kifuko chenye ndoano na chubwi, yaani vizito vya kuzamisha ndoano. Jina lililoandikwa juu yake sijawahi kulisikia kwingine. Muuzaji alinihakikishia kwamba inafaa "maji yote, ziwa na bahari", na kwenye boksi palichorwa nduaro, samaki mkubwa wa bahari kuu, akiruka juu ya wimbi. Kuanzia Julai hadi Januari nimeitumia bwawa la Mtera, na Februari nikashuka nayo pwani kwa wakwe zangu. Naandika kwa sababu tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma, Julai 2024, tumekuwa wengi tunaopanda Ijumaa kwenda pwani na kurudi Jumapili, na najua kuna mwenzangu atakayesimama mbele ya boksi kama lile na kujiuliza, kama mimi, iwapo kweli inafaa bahari.

Nianze na Mtera, kwa sababu huko seti hii haikunipa shida hata siku moja. Ni kilomita kama 120 kutoka mjini kwa barabara ya Iringa, lami tupu. Nilikuwa naondoka alfajiri na jirani yangu mwenye pikipiki, kipande kimoja cha fimbo kikiwa ubavuni na kingine mgongoni. Tulivua tukiwa nchi kavu, mbali na matete, kwa sababu Mtera ina mamba na viboko na wenyeji hawataki mgeni ajisogeze ukingoni. Kwa perege nilitumia ndoano ndogo na nyungunyungu chini ya chelezo, yaani boya dogo. Kwa kambale niliweka matumbo ya kuku na kuacha chubwi ilale chini. Kambale mkubwa niliyemvuta alikuwa na uzito wa kilo mbili na kidogo, na fimbo ilipinda vizuri, ikanyooka, ikapinda tena, bila kulia. Pete zake ni laini, mshipi haukwaruzwi. Mpini una sponji ngumu ambayo haitelezi hata mkono ukiwa na ute wa samaki. Kwa bei ile, kwa bwawa, sina neno baya la kusema.

Ila nailoni niliibadilisha mapema. Jua la Dodoma linaila nailoni. Niliacha fimbo imeegemea ukuta wa nyuma kwa wiki tatu, na nilipoushika mshipi ulikuwa umepauka, ukikatika kwa kuvutwa na vidole tu. Siku hizi fimbo inakaa ndani, nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, na rili nimeifunika kwa soksi.

Sasa bahari. Mke wangu ni mtu wa Kigamboni, Dar es Salaam, na mjomba wake ni mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Alipoambiwa kwamba mkwe wao wa Kigogo anavua Mtera, alituma salamu kwamba nije wakati wa kaskazi, pepo za kutoka kaskazini, maana Februari pepo zinakuwa zimetulia asubuhi, maji ya pwani yana joto na samaki wadogo wamejaa kando ya miamba. Nilipanda treni na kilo nne za zabibu, kwa kuwa ndiyo miezi ya mavuno kwetu, na fimbo ikalala juu ya viti bila kumsumbua mtu. Hiyo ndiyo faida ya fimbo ya vipande viwili. Ya kipande kimoja ungekwenda nayo umeishika mkononi kama mkuki.

Mjomba alichagua siku mwenyewe. Ilikuwa siku ya pili baada ya maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, maji yakianza kuchangamka kuelekea bamvua, siku za kujaa na kupwa sana. Alinieleza kwa subira, maana mimi bwawa langu halipandi wala kushuka kwa siku moja. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Jumamosi ile maji yalikuwa yamepwa kabisa saa 12 alfajiri, kwa hiyo asubuhi nzima ilikuwa yetu, maji yakijaa. "Maji yakipanda," alisema, "kamba na dagaa wanaingia kwenye majani kutafuta riziki, na wakubwa wanawafuata nyuma. Wewe kaa mlangoni tu."

Tulikwenda kwa ngalawa, watu watatu, mpaka penye mwamba wenye maji ya pima tatu hadi tano, yaani kama mita tano na nusu hadi tisa, pwani bado inaonekana vizuri. Mgeni ajue jambo moja: si kila mwamba unavuliwa. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na kuvua humo ni marufuku. Ukikodi chombo, muulize nahodha leseni yake na muulize anakupeleka wapi. Mjomba alinionyesha karatasi zake kabla sijaomba.

Chambo chetu kilikuwa ngisi aliyekatwa vipande virefu na kamba wabichi. Mjomba hakutumia fimbo. Ana mshipi wa mkono uliokunjwa kwenye kibao, na kidole chake cha shahada kina mtaro ambao mshipi umeuchimba kwa miaka. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kwanza. Yeye alimsikia samaki akinusa chambo. Mimi, kwa ncha ya fimbo ile, nilimsikia akishakimeza. Ncha ni nzito. Kwa kambale anayemeza bila kuuliza haina shida, lakini changu, samaki wa mwambani, anadonoa, anaacha, anadonoa tena, na nilipoteza vipande vya ngisi zaidi ya kumi kabla ya kujifunza kuushika mshipi kwa vidole mbele ya rili.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Nilipata changu wanne na chewa mmoja mdogo. Huyo chewa alinifundisha kitu. Alipokamata nilitulia kama ninavyotulia na kambale, nimwache azunguke. Mjomba akapaza sauti, "Mvute, mkwe! Huyo anawaza pango lake!" Chewa akishaingia kwenye shimo la mwamba anajipanua mapezi na hutoki naye. Nikavuta kwa nguvu zote na fimbo ikabeba. Nasema tena, fimbo ni nzuri. Iliinama hadi karibu na mpini na haikupasuka mahali popote, hata pale vipande vinapoungana.

Jambo la pili siku hiyo ni mzia, samaki mwenye meno makali. Alipita na chambo, mshipi ukalegea, na nilipoukunja ncha yake ilikuwa imekatwa safi kama kwa wembe. Ndoano za kwenye kifuko zinafungwa moja kwa moja kwenye nailoni, na hakuna kipande cha waya hata kimoja. Kwa boksi lenye picha ya nduaro, hilo ni kosa. Mjomba alinikatia waya mwembamba wa urefu wa kiganja, akaufunga, na mzia hakunisumbua tena.

Tulirudi saa sita mchana. Tukala changu wa kupaka, tukasimulia mpaka giza likaingia, nikalala. Rili niliiacha varandani kama ilivyotoka baharini.

Jumapili asubuhi tulikuwa mahali pale pale. Safari hii nilifunga chambo bandia, kisamaki cha chuma chenye kung'aa, nikawa narusha hadi ukingoni mwa majani na kukunja haraka. Mrusho wa tano au wa sita, kolekole akashika. Yeyote aliyewahi kumshika ataelewa. Kolekole hageuki kukuangalia, anaondoka tu. Kazi ya breki ya rili ni kuachia mshipi taratibu samaki anapokimbia, ili asikate. Siku iliyotangulia breki ilikuwa inaachia vizuri. Asubuhi ile iligoma. Mshipi haukutoka kabisa, fimbo ikalala, kisha breki ikaachia ghafla, ikashika tena, ikaachia, na kwa mshtuko wa tatu nailoni ikalia na kukatika. Ngalawa yote ikanyamaza. Mjomba alichukua rili, akaizungusha sikioni kama mtu anayesikiliza saa, kisha akaniuliza kwa upole, "Jana uliiosha na maji baridi?" Maji baridi kwa watu wa pwani ni maji yasiyo na chumvi. Sikuwa nimeiosha.

Niliporudi Dodoma niliifungua yote juu ya gazeti, na hapa ndipo nataka msomaji aangalie pamoja nami. Ndani ya breki kuna visahani vya kitambaa kizito vilivyopangwa juu ya visahani vya chuma. Vile vya kitambaa vilikuwa vimekunywa maji ya bahari usiku ule, vikakauka vikawa vigumu kama ngozi ya ngoma, na vimegandana na chuma. Ndiyo sababu breki iligoma na kuachia kwa mishtuko. Kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi hakikuzunguka tena; mshipi ulikuwa umeanza kukichimba mtaro. Na kila mahali ambapo skrubu ya chuma imeingia kwenye alumini palikuwa na unga mweupe, laini kama sembe. Fundi ninayemwamini, anayetengeneza feni na mashine za kutobolea pale Majengo, aliniambia kwamba metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, moja inaila nyingine. Beringi mbili zilikuwa na kutu, ya tatu ilikuwa nzima.

Haya yote ni siku mbili tu za bahari. Baada ya miezi saba ya Mtera ndani ya rili hiyo palikuwa na mchanga kidogo na grisi iliyochakaa, basi.

Kosa la kutoosha ni langu na nalikubali. Lakini rili inayouzwa kwa maneno ya "bahari" haipaswi kuwa na beringi zilizo wazi, wala visahani vya breki vilivyokaa bila grisi hata tone. Nilirudi dukani nikamwonyesha muuzaji ule unga mweupe. Aliniambia dhamana ni ya siku saba, akanipa nailoni mpya bure. Niliipokea. Nilimwomba aache kuwaambia watu inafaa bahari, na akaniahidi, ila boksi lile bado lipo kwenye rafu.

Fundi alinipatia beringi mbili zinazolingana kwa shilingi 6,000. Visahani nilivilowesha, nikavikausha kivulini, nikavipaka grisi kidogo. Vigurudumu vidogo navitia mafuta ya cherehani, ambayo ni mepesi na yanapatikana kila duka. Ya kuosha nayo ina mambo yake hapa kwetu. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu, angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Nilipoosha rili kwa maji ya bomba na kuiacha ikauke, ilibaki na madoa meupe kila kona. Sasa natumia maji ya mvua tuliyokinga kwenye bati, na naifuta kwa kitambaa kabla ya kutia mafuta. Usiimwagie maji kwa kasi wala usiizamishe kwenye ndoo, maana maji yanasukuma chumvi ndani zaidi. Kaza breki kwanza, inyunyizie, ifute, kisha legeza breki kabla ya kuihifadhi ili visahani visigandamane.

Kwa hiyo nikitoa nyota: fimbo nne kati ya tano, nikikata moja kwa sababu ya ncha nzito. Rili kwa bwawa nne, kwa bahari moja. Nailoni mbili. Kifuko cha ndoano sikipi hata moja. Zilikuwa zimeshika kutu kabla ya treni kufika Morogoro, zikiwa ndani ya mfuko na taulo lenye unyevu. Kama unavua Mtera au Hombolo na huna mpango wa kushuka pwani, nunua, utafurahi. Kama bahari ndiyo hamu yako, chukua fimbo, na ukiweza umwombe muuzaji akupunguzie bei akiitoa rili. Kisha nunua rili ya maji ya chumvi peke yake, hata kama italazimu kusubiri mshahara wa miezi miwili, weka nailoni ya milimita 0.40 au zaidi, na beba waya.

Mimi nimeamua rili hii ibaki ya Mtera. Ya bahari nimeagizia kupitia shemeji, ambaye ataichagua mwenyewe huko Dar na kuizungusha sikioni kabla ya kulipa, kama alivyofanya mjomba. Kaskazi ya mwaka huu inakwisha, na pepo za kusini, kusi, zikianza mjomba haingii mwambani na mgeni. Ameniambia nirudi Desemba, na nije na zabibu kavu kama mbichi hazijaiva. Chupa mbili za lita tano za maji ya mvua nimeshazijaza, zimeandikwa "ya rili", na watoto wameambiwa wasiziguse.