Redio za wahafidhina Marekani: uzoefu wangu nikiwa kwenye usukani

Navuta trela hapa Marekani, mara nyingi kwenye I-70 kati ya Ohio na Missouri. Madereva wenzangu wa Afrika Mashariki wanasikiliza Bongo Fleva, mahubiri, au wanapiga soga na wenzao kwenye simu mpaka chaji iishe. Mimi husikiliza redio za siasa, zile za wahafidhina, ambazo ukizitaja mezani watu wanakuangalia kama umetoa tusi. Naandika haya kama mtumiaji. Kura sina, kadi ya chama sina, ila saa za kusikiliza ninazo nyingi kuliko wengi wanaozitukana au kuzisifia.

Tuanze na upatikanaji. Masafa ya AM ni ya bure. Stesheni kubwa zenye wati 50,000, kama WLW 700 ya Cincinnati, WHO 1040 ya Des Moines au WBAP 820 ya Texas, zinakusindikiza mwendo mrefu mchana, na jua likishazama zinafika mbali zaidi, kwa sababu mawimbi ya AM usiku hugonga tabaka la juu la anga na kushuka huko mbali. Niko Missouri, namsikia mtu wa Texas utadhani amekaa kiti cha abiria. Ubaya wake ni mikwaruzo. Ukipita chini ya daraja sauti inamezwa, na radi ya mbali unaisikia kwenye spika hata kama mbele yako anga ni jeupe. Ford walipotaka kuondoa AM kwenye magari yao mapya mwaka 2023, kelele zilifika hadi Bungeni na mwezi Mei wakaghairi. Niliwaelewa waliopiga kelele. Asiyetaka mikwaruzo ana redio ya setilaiti ya SiriusXM, chaneli 125 inayoitwa Patriot, ila hiyo ni ya kulipia. Programu za simu nazo zipo. Moja niliyoipakua ilikuwa inamkatisha mtu katikati ya sentensi ili ipige tangazo la bima, na ikirudi hoja imeshapita. Niliifuta.

Ratiba ya watangazaji, kwa saa za mashariki mwa Marekani: Glenn Beck saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kisha Clay Travis na Buck Sexton hadi saa tisa, Sean Hannity hadi saa kumi na mbili jioni, Mark Levin hadi saa tatu usiku. Stesheni za mikoani zinahamisha hamisha, lakini huo ndio mkondo. Ile saa sita mchana ilikuwa kiti cha mtangazaji Rush Limbaugh. Mpaka mwaka 1987 kulikuwa na kanuni ya tume ya mawasiliano, FCC, iliyotungwa mwaka 1949, ikiitaka stesheni inayorusha jambo lenye ubishi iupe nafasi na upande wa pili. Ikafutwa. Agosti 1988 Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima, na hakuachia kipaza sauti mpaka alipofariki Februari 2021. Wapiga simu bado wanamtaja.

Ufundi upo, nisiseme uongo. Mtu anakaa saa tatu, mara nyingi bila mgeni yeyote, na hakuchoshi. Anajua wakati wa kupandisha sauti, na wakati wa kunyamaza ili usikie karatasi ikifunuliwa. Tatizo ni kwamba matangazo ya biashara mengi anayasoma yeye mwenyewe, kwa sauti ile ile. Anaeleza jinsi deni la taifa litakavyoimaliza dola, mimi huku nimekaza usukani, halafu bila hata kumeza mate anaendelea kwamba ndiyo maana yeye ameweka akiba ya sarafu za dhahabu, na namba ya kupiga ni hii. Dhahabu, vyakula vya akiba vya kukaa miaka 25, mito ya kulalia, vidonge vya maungio, watu wa kukusaidia na kodi uliyolimbikiza. Karibu kila hofu aliyoitaja ndani ya saa ile ina dawa yake kabla ya taarifa ya habari, na dawa ina bei.

Lakini kipimo halisi ni siku ambayo kitu kimelipuka mitandaoni. Nachukua wiki moja ya Agosti 2025 kwa sababu ilikuwa na mambo mawili kwa pamoja, moja la kuchekesha na moja lililonihusu.

La kuchekesha: tarehe 19 mgahawa wa Cracker Barrel ulibadilisha nembo. Ile ya zamani ina mzee amekaa kwenye kiti ameegemea pipa. Mpya ikabaki maandishi matupu. Migahawa hii iko kando ya barabara kuu, sisi tunaijua. Mimi huingia kwa ajili ya vile vimikate vyao vya moto, na yule mzee sikuwahi kumwangalia mara mbili. Asubuhi redioni ulikuwa utani. Kufika jioni mzee ameshakuwa taifa zima, na aliyemwondoa ana ajenda. Siku zilizofuata nembo ikaunganishwa na shule, na jeshi, na mambo ya jinsia. Hisa za kampuni zikashuka, Rais Trump akaandika kwamba wairudishe ya zamani, na tarehe 26 jioni kampuni ikasema mzee anabaki. Wapiga simu walishangilia. Hakuna aliyeuliza kama chakula nacho kitapanda kiwango, jambo ambalo ndilo mimi nilikuwa nalisubiri.

La pili halikuwa na utani. Tarehe 12 Agosti, kwenye barabara ya kulipia ya Florida karibu na Fort Pierce, dereva wa lori alijaribu kugeuza trela mahali pasiporuhusiwa. Trela likaziba njia, gari la familia likaingia chini yake, watu 3 waliokuwemo wakafa. Video ya ndani ya lori ikasambaa. Dereva alikuwa mtu wa India ambaye maofisa walisema aliingia nchini kinyume cha sheria, alikuwa na leseni ya California, na Wizara ya Uchukuzi ilisema alipopimwa Kiingereza alijibu sawasawa maswali 2 kati ya 12. Tarehe 21 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kusimamisha viza za kazi kwa madereva wa malori.

Lile lilikuwa jambo la kukasirikia, sibishi. Video ile niliiangalia mara moja na sitaki kuirudia. Na kanuni kwamba dereva ajue Kiingereza cha kusoma vibao na kuongea na askari ni ya miaka mingi. Kilicholegezwa mwaka 2016 ni adhabu ya kumtoa barabarani pale pale. Agizo la Rais la Aprili 2025 likairejesha, na utekelezaji ukaanza tarehe 25 Juni. Haya ndiyo niliyotaka kusikia yakichambuliwa: nani alimtahini yule mtu, nani alimwajiri, nani alimkabidhi funguo. Mchana niliyapata kwa vipande vipande. Kilichojaa hewani ni kisa kile kile kikirudiwa saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, na kila anayekaa kitini anaongeza kuni, maana aliyemtangulia ameshayamaliza maneno ya kawaida. Kufika jioni hazungumziwi tena mtu mmoja wa Florida, tunazungumziwa sisi sote wenye lafudhi.

Waliookoa jahazi ni wapiga simu. Kwenye stesheni moja alipiga dereva mtu mzima, sauti ya mvuta sigara, akasema tatizo ni shule za udereva zinazotema watu baada ya wiki chache, na kampuni zinazotafuta dereva wa bei poa kisha zinamsukuma asilale. Hakumtukana mtu. Mtangazaji akamshukuru, akamuuliza kama haogopi kuwa barabarani na watu wa namna ile. Mzee akajibu anaogopa zaidi vijana wanaochezea simu kwenye usukani. Wakaenda kwenye matangazo.

Nami nilipiga, kwenye kipindi kingine. Anayepokea si mtangazaji, ni mtu wa kuchuja: jina, mji, unataka kusema nini, sentensi moja. Nikamwambia mimi ni dereva, mzaliwa wa Tanga, nataka kueleza mtihani wa leseni nilivyofanyiwa. Akaniambia nizime redio, maana kinachosikika hewani huwa kimecheleweshwa kwa sekunde kadhaa na kitanichanganya, basi nikabaki nasikiliza kipindi kupitia simu. Nilikuwa nimeegesha mbele kidogo ya mizani, injini inaunguruma, kahawa inapoa. Kipindi kikaisha ningali kwenye laini. Laini zao zinajaa, hilo nalielewa. Ila waliopewa nafasi kabla yangu niliwasikia wote, na wote walikuwa wamepiga ili kumwambia anasema kweli.

Kuna mwenzangu Mnyarwanda, safari ndefu huwa tunapokezana usukani. Yeye hataki kabisa. Redio ikianza kuwapigia kelele wageni anazima, hasemi kitu, nami siulizi.

Ninachokipendekeza bila kusita ni Red Eye Radio, kipindi cha Eric Harley na Gary McNamara, kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri. Ni wahafidhina vilevile, tena hawajifichi. Lakini wanaowasikiliza ni watu wa malori na wa zamu za usiku, na huwezi kumpiga chenga kuhusu bei ya dizeli mtu aliyeshika bomba mkononi. Mazungumzo yao ni ya kijiwe cha kahawa: bei ya maili, madalali wa mizigo, zile saa 11 za kuendesha unazoruhusiwa kabla ya kupumzika, halafu siasa, halafu hadithi ya mtu aliyekwama kwenye theluji Wyoming. Jambo lililowaka mchana linafika pale limepoa, na kwa kawaida yuko msikilizaji ambaye amepita mahali penyewe juzi tu na anajua pakoje. Nimejifunza kuhusu kazi yangu mambo ambayo kampuni niliyoanzia haikuniambia.

Anayetaka kujaribu asianze siku ambayo klipu fulani imeshika simu za watu wote. Achague siku ya kawaida, bajeti inajadiliwa Bungeni au bei ya mafuta imepanda. Hapo mchana unapata hoja, na baadhi ni nzito kweli, hasa kuhusu deni na matumizi ya serikali. SiriusXM ina chaneli ya upande wa pili pia, 127, Progress, nayo ina hasira zake. Nikichoka na hii nahamia ile, nikichoka na zote naweka taarabu. Nikiwa na watoto garini siwashi yoyote.

Nyota 3 kati ya 5 kwa mchana, 4 na nusu kwa usiku. Hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya matangazo ya mito.